Kitasa cha swichi kimechoka: ukifufue, ununue kipya, utafute cha mtumba au uweke kitufe?

Upande wa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, nilikuwa wa kwanza kwenye foleni ya kivuko. Pantoni imeshafika, kijana wa kivuko ananipungia mkono niingie, na ufunguo hautaki kugeuka. Nikauchomoa, nikaufuta kwa kanga, nikaurudisha. Ng'o! Nyuma yangu pikipiki na malori yanapiga honi. Akaja kijana muuza madafu, akainama dirishani: "Mama, shikamoo. Hebu vuta usukani kushoto kwa mkono mmoja, huku mwingine unageuza ufunguo taratibu." Likawaka. Nikampa hela ya dafu bila kuchukua dafu.

Niliporudi mjini Tanga nikaanza kuuliza. Fundi umeme akasema nunua kitasa kipya. Shemeji yangu akasema vipya vyote feki, tafuta cha mtumba. Fundi funguo wa Ngamiani akacheka: "Hicho kinaoshwa tu, mama." Kijana wa gereji naye akataka aniwekee kitufe, nibonyeze kama gari la kisasa. Nilidhani watatu kati yao wananidanganya. Tangu hapo nimeyaona yote manne yakifanywa, kwenye Corolla yangu ya 1997, kwenye Hilux ya kaka inayobeba machungwa ya Muheza, na kwenye magari ya majirani, na hakuna aliyekuwa ananidanganya. Kila mmoja alikuwa akizungumzia gari lake.

Kwanza, anayeumwa ni nani?

Neno "swichi" kwetu linabeba vitu viwili, na hapo ndipo pesa zinapopotea. Cha kwanza ni kitasa, yaani kile kipande cha mviringo unachoingiza ufunguo. Ndani yake kuna safu ya vibati vyembamba vya shaba ya njano, kila kimoja na springi yake. Meno ya ufunguo yakivipandisha vibati vyote kwa kimo kinachotakiwa, kitasa kinazunguka. Kimoja kikibaki kimechomoza, hakizunguki. Cha pili ni kisahani cha umeme kilicho nyuma ya kitasa, chenye soketi na waya, ambacho kazi yake ni kugawa umeme kwenda kwenye redio, injini na starta. Ukisema dukani "nipe swichi ya Corolla," unaweza kupewa chochote kati ya hivyo viwili. Mimi nilirudi nyumbani na kisahani wakati nahitaji kitasa, na mwenye duka hakuwa na kosa.

Kwa hiyo soma dalili. Ufunguo haugeuki, au haugeuki mpaka uutikise: ni kitasa, au ufunguo wenyewe umelika. Jaribu ufunguo wa akiba kabla ya kumwita mtu yeyote. Kama wa akiba unageuza vizuri, tatizo lako ni kuchonga ufunguo tu na mengine yote hapa chini hayakuhusu. Ufunguo unageuka vizuri lakini taa za dashibodi zinazimika na kurudi gari likipita kwenye shimo: kagua vichwa vya betri, kisha kisahani cha umeme. Taa zipo ila starta haijibu: betri au starta, na kwa gari la otomatiki jaribu kuwasha gia ikiwa kwenye N. Kama haugeuki na usukani nao umekaza, huenda ni kufuli la usukani tu limebana, na dawa yake ni ile ya muuza madafu.

Dalili moja watu huichukulia kama mchezo: ufunguo kuchomoka huku injini inaunguruma. Nimepanda gari la jirani ambaye huuchomoa makusudi kuwachekesha abiria. Hicho kitasa kimeshalika, ingawa gari linawaka kila asubuhi.

Halafu tazama pete ya funguo. Wengi wetu tunaning'iniza humo ufunguo wa nyumba, wa duka, wa kufuli la geti na kopo dogo la kufungulia soda. Uzito wote huo unakivuta kitasa kwenye kila tuta. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani iliyaita magari zaidi ya milioni 2 kwa sababu swichi zake ziliweza kujirudisha nyuma gari likiwa mwendoni, injini ikazima na mifuko ya hewa ikakosa umeme wa kufunguka. Wakati wakisubiri kutengenezewa, wenye magari waliambiwa waendeshe na ufunguo wa gari peke yake. Magari yetu si yale, lakini pete nyepesi haina gharama.

Vigezo vya kupimia

Nimepima kila njia kwa mambo matano. Pesa, na ninamaanisha pesa yote: spea, fundi, kuchonga funguo, na usafirishaji kama kitu kinatoka Dar. Muda ambao gari litalala. Idadi ya funguo utakazobeba mwishoni. Ulinzi, yaani wizi pamoja na kufuli la usukani. La mwisho ni kudumu, ambalo kwetu wa pwani lina mashaka yake: upepo wa kusi unaleta unyevu wenye chumvi hadi ndani ya gari, springi zinashika kutu, na sehemu zilizotengenezwa kwa zinki zinatoa unga mweupe. Anayeishi Lushoto milimani hana shida hiyo.

1. Kukifufua cha zamani

Fundi funguo anakitoa kitasa, anakifungua, anakiosha, anatoa vibati vilivyolika na kuweka vingine au kuvipanga upya, kisha anachonga ufunguo unaovifuata.

Pesa. Ndiyo njia nafuu kwa kawaida, mradi kitasa bado kinageuka, hata kama ni kwa kubembelezwa. Kikishagoma kabisa bei inabadilika, kwa sababu kwenye Toyota nyingi kitasa hakitoki mpaka kigeuzwe kwanza kufika ACC, ile hatua ya kuwasha redio tu. Kikikataa kufika hapo, fundi atakifungua kwa ustadi wa vidole au atakitoboa kwa drili, na kilichotobolewa hakifufuki. Mwenye gari anayesubiri "mpaka kife kabisa" huwa anaipoteza njia hii bila kujua.

Muda. Kwangu ilikuwa asubuhi hadi adhuhuri, nimekaa kwenye benchi na kikombe cha kahawa, nikiulizwa na kila mpita njia kama gari linauzwa.

Funguo. Hapa ndipo njia hii inaponifurahisha. Unabaki na ufunguo mmoja wa swichi, milango na buti. Ila usikubali kuchongewa kopi ya ufunguo uliolika, maana utakuwa umenakili ugonjwa. Kopi ya kopi ya kopi ndiyo iliyouchosha ufunguo wa Corolla yangu. Kama gari lilikuja na kile kibati kidogo cha namba ya ufunguo, kichimbue kwenye droo, ufunguo uchongwe kwa namba. Kama hakipo, na magari mengi ya kutoka Japani huja bila hicho kibati, mwombe fundi asome vibati vya kitasa cha mlango wa abiria au cha buti. Mlango wa abiria haufunguliwi kwa ufunguo mara nyingi, kwa hiyo vibati vyake bado vina umbo la kiwandani. Fundi aliyenifanyia hivyo alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na ufunguo alionichongea mpaka leo unaingia kama kisu kwenye papai.

Ulinzi. Kila kitu kinabaki cha asili, na kufuli la usukani linafanya kazi.

Kudumu. Kunategemea tundu lenyewe. Kama kilicholika ni vibati, unaweza kusahau jambo hili kwa miaka. Kama tundu limepanuka na kitasa kinacheza ukikitikisa bila ufunguo, umenunua miezi tu. Na usitie mafuta ya injini humo, sembuse ya kula. Mafuta yanakamata vumbi, yanageuka tope, na tope linagandisha vibati. Unga mkavu wa grafaiti unafaa zaidi. Ukikosa, sugua risasi ya penseli laini kwenye meno ya ufunguo, uingize na kuutoa mara kadhaa.

Inamfaa mwenye kitasa kilichoanza kusumbua juzijuzi, na aliye karibu na fundi funguo mwenye subira. Fundi wa namna hiyo hapatikani kila kona.

2. Kitasa kipya cha dukani

Pesa. Ni ya kati, na ina tofauti kubwa kati ya duka na duka, kwa sababu kuna cha kampuni ya gari, kuna cha viwanda vingine kilicho kizuri, na kuna feki aliyevaa boksi la kifahari. Pima kwa mkono: kizuri kina uzito, ufunguo wake hauchezi ukiwa ndani, na kinasimama kwa mshindo mdogo kwenye kila hatua, LOCK, ACC, ON, na kikitoka START kinarudi chenyewe. Kisichorudi chenyewe mwachie mwenye duka, maana starta itaendelea kuzunguka injini ikiwa imeshawaka.

Muda. Kama kipo mjini, ni kazi ya saa moja au mbili. Kama hakipo, unaagiza Gerezani au Kariakoo kule Dar, kinapandishwa basi, unakifuata stendi ya Kange. Tuma picha ya cha zamani, mbele na nyuma, pamoja na namba ya chesisi. Kuandika "Corolla ya zamani" peke yake ni kucheza bahati nasibu.

Funguo. Kinakuja na funguo zake, kwa hiyo utabeba mbili: moja ya swichi, nyingine ya milango. Wengine hawajali. Kwangu ilikuwa kero ya mvua: mifuko ya sokoni mkononi, na kila mara natoa ule usio wenyewe. Dawa ipo. Kama vibati vya kipya na vya zamani ni vya aina moja, fundi funguo anaweza kuvipanga vya kipya vifuate ufunguo wako wa zamani, ilimradi ufunguo huo haujalika. Ulizia kabla ya kukifunga, si baada.

Kama kichwa cha ufunguo wako kina chipu, kuwa makini zaidi. Gari halitawaka kwa ufunguo mpya usio na chipu inayotambulika, hata ukigeuka kwa ulaini gani. Pete ya antena inayosoma chipu, ile inayozunguka kitasa cha zamani, lazima ihamishiwe kwenye kipya, na ufunguo wa zamani usitupwe.

Ulinzi. Mzuri, na una faida ambayo nyingine hazina: funguo zote za zamani zinakufa kwa upande wa kuwasha. Gari langu lilipita kwa wenye wawili kabla yangu, na sijui kopi ngapi zinazunguka mjini.

Kudumu. Chenye ubora kitaishi kuliko gari. Feki, kwa chumvi ya pwani ya Raskazone, usikiwekee ahadi.

Inamfaa anayekusudia kubaki na gari kwa muda, na aliyepoteza ufunguo au kununua gari kwa mtu asiyemjua vizuri.

3. Cha mtumba kutoka gari lililokatwa

Shemeji yangu ni muumini wa njia hii, na hoja yake si ya kupuuza: kitasa cha kiwandani kilichotumika Japani kwenye barabara safi kinaweza kuwa na maisha marefu kuliko kipya cha ovyo.

Pesa. Chenyewe pekee huweza kuwa chini ya kipya kizuri. Seti nzima, yaani kitasa, nyumba yake, vitasa vya milango na buti, inapanda. Na fundi ana kazi zaidi: nyumba ya kitasa kwenye mhimili wa usukani imefungwa kwa bolti ambazo vichwa vyake vilikatwa makusudi kiwandani ili mwizi asizifungue. Kuzitoa ni kwa patasi au drili. Kwa gari la otomatiki kuna pia waya unaotoka kwenye gia, ule unaozuia ufunguo kutoka mpaka uweke P. Mara nyingi nao unahamishwa.

Muda. Haujulikani. Unaweza kukipata leo, unaweza kuambiwa "njoo Ijumaa" kwa Ijumaa tatu.

Funguo. Ukinunua kitasa bila milango, unabeba mbili. Ukinunua seti nzima, unabeba moja tu, iliyolingana na kila tundu tangu kiwandani. Kwa gari ambalo na milango yake imechoka, sijaona njia inayomaliza mambo mengi kwa mkupuo mmoja kama hii.

Ulinzi. Sawa na wa asili, ikiwa nyumba ya kitasa imefungwa kwa bolti za aina ileile na si za kawaida. Dai risiti. Kitasa kisicho na historia kinaweza kuwa kimetoka kwenye gari la mtu analolitafuta.

Kudumu. Jaribu kwa mkono kama kipya. Na usinunue kisichokuja na ufunguo, hata kwa bei ya bure.

Inamfaa mwenye gari ambalo vitasa vyote vimechoka pamoja, mwenye subira, na anayemjua muuzaji kwa sura.

4. Kitufe, au kuunga direkti

Nilianza kuidharau njia hii, kisha Hilux ya kaka ikanifundisha adabu. Msimu wa machungwa, ufunguo ulivunjikia ndani ya kitasa huko shamba, na swichi ya kupandisha pamoja na kitufe cha starta viliuokoa mzigo usiozee juani.

Pesa na muda. Inaweza kushindana na kuosha kitasa kwa unafuu, na kwa haraka hakuna inayoifikia. Lakini bei hiyo hupatikana kwa kuruka vitu viwili visivyopaswa kurukwa: fyuzi, na rilei, yaani swichi ya umeme inayobeba mzigo mkubwa badala ya kitufe. Umeme unaokwenda kuamsha starta si wa kupitisha kwenye waya mwembamba wa redio. Waya ukichemka chini ya dashibodi, plastiki inafuata.

Funguo. Hakuna wa kuwashia, unabaki wa mlango. Wengine huona ni raha.

Ulinzi. Hapa ndipo penye maneno. Kufuli la usukani linafungwa na kitasa. Kikibaki mahali pake bila ufunguo, pini inaweza kuushika usukani wakati usiotaka, na ikitokea gari liko mwendoni hakuna wa kusimulia. Kwa hiyo fundi lazima aitoe pini hiyo. Akishaitoa, gari lako linaweza kuendeshwa na yeyote aliyeingia ndani akaona kitufe kilipo. Watu huficha swichi nyingine ya siri chini ya kiti. Inasaidia, mpaka umpe gari mtu mwingine umwelekeze. Kama una bima kubwa, soma mkataba kabla ya kugusa chochote, kwa sababu kampuni ya bima inaweza kuuliza habari za kitasa siku gari likiibwa.

Kudumu. Kitufe cha bei rahisi kinaingia unyevu haraka. Kizuri kilichokingwa maji kinavumilia.

Inamfaa mwenye gari la shamba lisilolala barabarani, trekta, au mtu aliyekwama anayehitaji kufika nyumbani. Kwa gari la familia linaloegeshwa sokoni kila siku, ichukulie kama bandeji ya njiani.

Kazi yenyewe, kwa kifupi

Njia yoyote utakayochagua, mwambie fundi atoe waya hasi wa betri kwanza. Kama gari lina mfuko wa hewa kwenye usukani, vitabu vya Toyota vinataka kusubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote hapo. Kwa Toyota nyingi za miaka hiyo usukani wenyewe hautolewi. Unafungua magamba ya plastiki, unageuza ufunguo kufika ACC, unabonyeza pini ndani ya kitundu kidogo, kitasa kinavutwa. Fundi wangu alitumia kipande cha spoki ya baiskeli, kitu ambacho Tanga hakijawahi kuadimika. Ukiona mtu anaanza kwa nyundo na kitasa bado kinageuka, mshukuru, uende kwa mwingine.

Kwa hali yako

Kama ufunguo unageuka kwa kubembelezwa na vitasa vya milango viko sawa, anza kwa fundi funguo wiki hii, kabla ya masika kuongeza unyevu. Utakalopoteza ni dogo, na akikifungua atakuambia mwenyewe kama tundu limekwisha.

Kama ulinunua gari mkononi kwa mtu na hujui kopi ziko wapi, sahau kuosha. Kipya, kikiwa na funguo zake, ndicho kitakachokupa usingizi, na mlango utashughulikiwa baadaye.

Kama mlango wa dereva unafunguliwa kwa kupitia mlango wa abiria, buti haifunguki na swichi nayo imeanza, tafuta seti nzima ya mtumba, na wakati unaisubiri osha cha zamani kikusogeze.

Kama unakusudia kuuza gari ndani ya miezi michache, osha na uchonge ufunguo kwa vibati vya mlango wa abiria. Mnunuzi akikuta kitufe chini ya dashibodi atashusha bei kuliko gharama ya kitasa.

Kama gari ni la kubeba nazi kutoka shambani mpaka barabarani na halilali nje ya ua, weka kitufe kizuri, fyuzi, rilei, na pini ya usukani itolewe mbele ya macho yako.

Na kama uko kwenye foleni ya kivuko sasa hivi, pantoni imefika na ufunguo hautaki, vuta usukani upande mmoja, geuza taratibu. Ukikataa, vuta upande wa pili.